Kipande cha Sega Juu ya Jani

Ngano yaja!
— Ije, mlango u wazi!
Imekuja na njaa!
— Ikae, tule nayo!

Zamani, zamani sana, ulikuja ukame uliokausha hata mate mdomoni. Mito ikawa njia za mchanga. Maji yalibaki mahali pamoja tu, kwenye kisima alichokichimba Tembo katikati ya msitu, na binadamu hawakukijua.

Binadamu walikuwa wanakwisha. Wanyama wakaitana barazani: waonyeshwe maji, au waachwe wafe?

Tembo akasema, "Baba yangu walimuua kwa ajili ya meno yake. Nyama wakaiacha ioze. Waachwe!"

Nyuki akasema, "Nyumba yangu waliichoma moto, watoto wangu wakiwa ndani. Waachwe!"

Kobe akasema, "Mjomba wangu walimgeuza bakuli. Waachwe!"

Msicheke, nyie. Kobe hakuwa anatania.

Akabaki Ndege wa Asali. Yeye peke yake ndiye aliyeweza kumwita binadamu akafuata. Tangu enzi na enzi aliwaonyesha asali iliyojificha kwenye matundu ya miti, na wao, wakishapakua, walimwachia kipande cha sega juu ya jani. Ndiyo ilikuwa desturi yao.

"Nawe unasemaje?" wakamuuliza.

Moyo wa Ndege ulikuwa mbali, kwenye siku zile za desturi. Alikumbuka watu wakimwitikia kwa mluzi, wakija na vibuyu huku wanaimba. Alikumbuka harufu ya moshi, na vicheko pale mtu anapochomwa na nyuki puani. Siku hizi walipakua wakaenda zao, hata kugeuka hawageuki. Aliwakumbuka mno watu wale, akaumia.

"Niacheni niwajaribu," akasema. "Akipatikana mmoja tu anayeikumbuka desturi, nitawaonyesha maji. Asipopatikana, sitawaita tena."

Wakakubali.

Akamwita Luziga, mwindaji. Che-che-che! Luziga akafuata, akapakua, akalamba mpaka vidole, akaenda zake. Jani tupu.

Akamwita Kasanda, mganga. Che-che-che! Kasanda akafuata, akapakua, akautia mti moto, akaenda zake. Jani tupu.

Akamwita Kalunde, mjane. Che-che-che! Kalunde akaja akijikokota, midomo imepasuka kwa kiu, binti yake mgongoni. Tunduni mlikuwa na sega moja tu, lisilozidi kiganja. Ndege akaona haya. Hata yeye, angekuwa Kalunde, asingeacha kitu.

Kalunde akalikata katikati. Mtoto akala nusu yake, akalia, akanyoosha mkono kwa ile nusu ya pili.

"Hapana, mwanangu," Kalunde akasema. "Hii ni ya mwenzetu. Yeye ndiye aliyetuita."

Akachuma jani, akaiweka ile nusu yenye majana, wale watoto wa nyuki, maana bibi yake alimwambia ndege huyu anayapenda. Kisha, kwa midomo ile iliyopasuka, akapiga mluzi wa zamani.

Ndege akalia machozi. Sega hakuligusa. Akaruka mbele ya Kalunde akiita, mti kwa mti, mpaka kisimani.

Tembo akawatazama mama na mwana wakinywa. Akarudi nyuma kuwapisha. Kesho yake kikaja kijiji kizima, hata Luziga na Kasanda, wameinamisha vichwa. Wakanywa wote.

"Baba yangu sijamsahau," Tembo akawaambia wenzake. "Kesi hii hatujaimaliza. Tumeiahirisha."

Ndiyo maana mpaka leo ndege yule huita porini, na mtu akishapakua asali, yeye hukaa tawini akisubiri. Mnadhani anasubiri sega tu? Anasikiliza kesi.

Funzo ndilo hili: binadamu hakuokolewa na historia yake, maana mengi humo ni aibu tupu. Aliokolewa na kile kidogo alichokumbuka kumwachia mwenzake. Basi nawe ukishashiba, geuka ulitazame jani.

Ngano nimeipakua, kipande chenu nimekiacha juu ya jani.
— Tumekiona, tumekula!
Na atakayesimulia kesho?
— Naye aache!