Ubao Uliooshwa Alhamisi

Inasimuliwa kwamba Alhamisi ile, katika nyumba ya Bibi Atika, walikuwapo watu wanne. Alikuwapo Bibi Atika mwenyewe, mjane mcha Mungu aliyewasomesha mabinti wa mji mdogo wa milimani, huko Yemeni ya zamani. Alikuwapo Bi Nusaiba, jirani, aliyekuja kuazima chekecheke. Na walikuwapo wanafunzi wawili wa miaka kumi na miwili: Raihana binti wa mfinyanzi, na Lubaba, yatima, ambaye hakuwa na kwao ila nyumba hiyohiyo ya bibi.

Wasichana hao walipendana sana. Raihana alikuwa akija na mkate kutoka kwao, naye aliukata akiwa bado njiani, ili Lubaba asipate nafasi ya kukataa kipande kikubwa.

Desturi ya chuo kile cha Kurani ilikuwa kuandika masomo juu ya mbao kwa wino wa masizi. Kila Alhamisi mbao zilioshwa kwa zamu, zipate kupokea somo jipya, na maji yake yalimwagwa penye shina la mkomamanga, pasipokanyagwa na mtu, kwa heshima ya maneno matukufu.

Alhamisi ile zamu ilikuwa ya Raihana, lakini mkono wake ulikuwa umeungua kwenye tanuri la baba yake.

"Kaa kivulini, malkia," Lubaba akamwambia. "Leo nakuoshea mimi."

"Na bibi akiuliza?"

"Aulize nini? Mbao zikitakata zimetakata."

Wakacheka. Lubaba akaziosha zote. Hakujua kwamba ubao mmoja haukuwa wa wanafunzi. Bibi Atika alikuwa na binti mmoja tu, Thuwaiba, aliyefariki kwa homa akiwa na miaka tisa, na ubao wake aliuacha na nusu ya sura fupi, herufi zimepinda kama za mtoto yeyote. Mama yake aliutundika chumbani, umefunikwa kitambaa, na kila alfajiri baada ya sala alipitisha kidole juu ya herufi zile. Wiki hiyo kuta zilikuwa zikipakwa chokaa, basi bibi aliushusha akauegemeza barazani, karibu na mbao nyingine. Lubaba aliusugua kuliko zote, maana wino wake ulikuwa mkaidi.

Bibi alipotoka nje akauona, hakupiga kelele. Aliuchukua, akakaa nao chini.

"Nani ameosha?" akauliza.

"Zamu ya nani leo? Si ya Raihana?" akadakia Bi Nusaiba. "Mnauliza nini tena, na jawabu limesimama hapo!"

Raihana akamtazama Lubaba. Lubaba akatazama chini. Alikuwa akiwaza, nikifukuzwa hapa nitalala wapi? Ndipo Raihana akasema, "Zamu ilikuwa yangu, bibi." Hakusema uongo, wala hakusema yote.

"Nenda kwenu, mwanangu," bibi akamjibu. "Leo siwezi kukutazama."

Alimaanisha leo tu. Lakini baba yake Raihana aliposikia kwamba binti yake amerudishwa, aliona aibu kwa watu. Kabla mwezi haujaandama alihamisha familia na kazi yake hadi bonde moja lililo mwendo wa siku tatu, na mji wote ulijua walikokwenda.

Ikapita miaka tisa. Lubaba alisoma, akahifadhi, akawa yeye ndiye anayewafundisha wadogo. Hata hivyo kila akikata mkate alibaki ameshika nusu ya pili, hana wa kumpa. Siku za soko alikwenda kwa wauza vyungu, akavipindua kimoja kimoja kutafuta alama ya kidole gumba ambayo baba yake Raihana alizoea kuipiga chini ya kazi yake.

"Binti," muuzaji mmoja alimtania, "watu hutazama mdomo wa chungu, wewe kila siku tako!"

Naye alitabasamu, akaenda kwenye chungu kinachofuata.

Asubuhi moja moyo ukamshinda. Akapiga magoti mbele ya Bibi Atika, aliyekuwa mzee sasa.

"Bibi, ubao wa Thuwaiba niliuosha mimi. Raihana hakuugusa."

Bibi akauliza, "Kwa nini hukusema?"

"Niliogopa kufukuzwa. Sikuwa na pa kwenda."

"Na yeye alilijua hilo?"

"Alilijua."

Hapo bibi akalia. "Yangu nimekusamehe, na Mola ni shahidi. Ubao niliushusha mimi mwenyewe nikauacha pasipo mahali pake, na sikujilaumu hata siku moja. Nilimlaumu mtoto. Lakini haki ya Raihana iko mikononi mwa Raihana. Kamtandike punda, mwanangu, twende sote."

Baada ya siku tatu walifika bondeni, wakamkuta Raihana uani kwake, udongo hadi viwikoni, mtoto mgongoni. Aliwatambua. Aliwakaribisha, akambusu bibi mkono, akampa maji. Kisha akampa punda. Lubaba alikuwa wa mwisho.

"Hata punda amekunywa kabla yangu," Lubaba akasema kwa sauti ndogo.

"Punda hakuniacha peke yangu."

Bibi Atika akataka kuinama kumwomba radhi, Raihana akamshika mabega. "Hapana, bibi yangu. Wewe ulisema leo tu. Sisi ndio tulioharakisha."

Kisha akamgeukia Lubaba. "Kuosha nilikusamehe palepale, maana ulinioshea kwa ajili ya huu mkono wangu. Kunyamaza pia, nilijua huna kwenu. Lakini kutokuja! Mwaka mzima nilikaa kizingitini. Vumbi likinyanyuka njiani nasema, ndiye huyo. Hilo sijui nilifanyeje."

"Sina la kujitetea," Lubaba akajibu. "Niliona haya, na haya zangu nilizipenda kuliko wewe."

Mtoto akaanza kulia. "Basi mfungue huyu mgongoni," Raihana akasema. "Mikono yangu ina udongo."

Lubaba akampokea mtoto. Mpaka alasiri hakumrudisha, wala Raihana hakumtaka. Walipokuwa wakitawadha kwa sala ya magharibi, Raihana akasema, "Nimekusamehe, dada yangu. Ila ile miaka bado inaniuma, usinikataze."

"Sikukatazi."

Mama zangu na dada zangu, toba kwa Mola haina safari ndefu, lakini haki ya mja hudai miguu. Pengine tunaona haya kubisha hodi kwa mtu tuliyemkosea, kumbe mwenyewe amekaa mlangoni anatungoja, na kila siku tunayochelewa tunamwongezea jeraha jingine.

Lubaba alirudi mjini na bibi yake. Kila baada ya mavuno alifunga safari ya siku tatu kwenda kwa Raihana, mpaka uzeeni miguu yake ilipokataa. Tangu hapo Raihana ndiye aliyekuwa akija.