Gunia Lenye Mshono wa Khanga

Wapendwa, kwaya imetuchangamsha, sasa tulieni niwape kisa. Ni mfano tu, msianze kutazamana.

Palikuwa na mama mjane, mkulima wa ekari mbili za mahindi. Mama huyu khanga yake ikichakaa hakuitupa. Aliichana vipande vyembamba, akavisokota, akashonea midomo ya magunia. Ukiona gunia limeshonwa kwa khanga ya zambarau, hapo kijijini huulizi la nani.

Mwaka mmoja mvua ilikubali. Mama akatazama mahindi yalivyobeba, akafurahi, kisha moyo ukamwenda mbio. Alimkumbuka dumuzi. Mnamjua dumuzi, yule mdudu habishi hodi. Ndani ya miezi mitatu gunia linabaki unga wa vumbi. Basi mama akajifunga, akaenda kwa mzee wa kanisa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mama. Karibu."

"Mzee, naomba kanisa linikopeshe ile mifuko ya kuhifadhia, isiyopitisha hewa. Dumuzi hufia humo humo. Nikifika nayo mwezi wa pili, mahindi yana bei, nitairudisha yote."

Mzee akajikuna kidevu. Hakuwa mtu mbaya, jamani. Alikuwa mtu wa utaratibu. "Mama, lile fungu la kanisa ni la wahitaji. Wewe mwaka huu umejaliwa, njaa huna."

"Kwa hiyo nisubiri mpaka nilale njaa, mzee?"

"Tutakuombea, mama."

Akaombewa kweli. Dumuzi akaja vilevile.

Mwezi wa saba dalali akapita na lori. Mama alishaanza kuona vumbi kwenye magunia mawili. Angefanya nini? Wewe ungefanya nini? Aliuza karibu yote, kwa bei ya kutupa, na gunia la debe sita dalali akalishindilia mpaka likameza saba. Mama akashona midomo ya magunia kwa khanga, akasimama akiliangalia lori linavyokata kona kuelekea mjini. Iliuma.

Kufika mwezi wa pili, ndani hamna kitu. Mama akawa anaamka kwenda kulima kibarua kwenye mashamba ya wenzake ili watoto wapate uji, na shamba lake mwenyewe likamezwa na magugu. Mnaona hapo? Njaa ya mwaka huu ilikuwa inapanda njaa ya mwaka ujao.

Habari zikafika kanisani. Sasa mama amekuwa mhitaji, fungu likafunguka! Wazee wakanunua mahindi dukani mjini, wakaja na kwaya, wakaja na mpiga picha. Gunia likashushwa mlangoni, watu wakapiga makofi. Mama akapiga goti kushukuru, akaweka mkono juu ya gunia. Mkono ukasimama.

Kwaya ikaimba ubeti mzima, yeye anapapasa mshono.

"Mama," mzee akasema, "mbona huimbi? Hujafurahi?"

"Nimefurahi, mzee. Ila gunia hili nalijua. Hii ni khanga yangu."

Mzee akainama kutazama. Zambarau. Mpiga picha akashusha kamera.

Mama akasema kwa upole tu: "Mungu awabariki kwa kulirudisha. Lakini ndugu zangu, si mngenisaidia lisiondoke?"

Mfano umeisha. Sasa ni sisi.

Sisi tunapenda kumwinua aliyeanguka, na ni vema. Lakini mbona aliyesimama akituomba fimbo ya kujishikiza tunamwona hana shida? Unga tunatoa tukiimba. Mbegu, mifuko, ghala la pamoja la kijiji, hayo tunasema si huduma ya kiroho. Usipoziba ufa, malizieni wenyewe. Tumeujenga ukuta huo kila mwezi wa pili, na kila mwaka tunampigia picha mtu yule yule.

Mkulima mdogo si ombaomba wetu. Ndiye aliyelima ugali utakaokula leo ukitoka hapa. Ukimshika mkono mwezi wa tano, mwezi wa pili atakuwa amesimama kwenye mnada wetu wa baada ya ibada hapo nje, akitoa sadaka kama wewe.

Nilisema msitazamane. Sasa tazamaneni. Mahindi bado yako shambani, na humu ndani yupo mtu aliyekwisha tuomba. Nani atamfuata leo, kabla lori halijafika?