Mishipi Kumi na Mmoja

Kale, kale!

Itikieni, wajukuu zangu: Kale na ije, itukute tumeketi!

Kale, kale!

Kale na ije, itukute tumeketi!

Haya, imekuja. Imetoka mbali, ina vumbi miguuni, ipisheni ikae. Nawe uliyekalia mguu wa mwenzio, sogea kidogo, maana kisa cha leo ni cha adabu, na haielekei mtu akisikilize huku jirani yake anauma meno.

Palikuwa na mto ukiitwa Mlamba. Mwaka mmoja mvua ya masika haikuja, mvua ya vuli haikuja, na vile vimanyunyu visivyo na jina navyo havikuja. Mto ukakonda. Ukakonda kama mgonjwa wa homa, ukakatikakatika vipande, vipande vikakauka, hata yakabaki maji mahali pamoja tu, chini ya jabali, marefu kama uwanja wa ngoma na membamba kama ua wa nyumba. Watu wakapaita Masazo, kwa kuwa ndiyo yaliyosazwa.

Wakaja Masazoni wavuvi kumi na wawili, wake kwa waume, kila mtu na ufito wake, mshipi wake, ndoano yake na chelezo chake cha kuelea juu ya maji. Nyavu ziliachwa darini, maana wavu mmoja ungewamaliza samaki wote kwa siku moja. Sasa niambieni: watu kumi na wawili, maji kiasi kile, watavuaje wasitoane macho?

Kwa adabu. Hapakuwa na njia nyingine. Na adabu yenyewe waliifunga katika wimbo ili isipotee:

*Mwenzio akinasisha,*
*mshipi wako inua;*
*naye akimfikisha,*
*hisani ataijua.*

Maana yake ni hii. Samaki mkubwa akinaswa hatulii. Hukimbia huku, hukimbia kule, na mshipi wowote anaoukuta njiani huuzongazonga hata ule uliomnasa ukakatika. Basi mtu akinasisha hupiga ukelele, "Maji, jamani!" Na wenzake wote, hata kama vyelezo vyao vimeanza kucheza, huinua fito zao juu, mishipi ikining'inia inachuruzika, wakangoja. Samaki akifika ukingoni, mwenyewe huwageukia akasema, "Ahsanteni kwa maji." Nao humjibu, "Maji ni yetu." Kisha kumi na wawili hutupa tena.

Wote walifanya hivyo. Wote, isipokuwa mmoja.

Huyo mmoja aliitwa Ngowa. Msidhani alikuwa mvivu au mwizi. La, alikuwa fundi. Ndoano zake alizifua mwenyewe, mishipi yake aliisokota mwenyewe kwa nyuzi za mkonge, na jicho lake lilimwona samaki pale ambapo ninyi mngeona tope. Lakini ufundi ulimpanda kichwani ukakaa huko kama mgeni asiyeaga. Alifika asubuhi akaruka makapu ya watu. Alitupa mshipi wake juu ya mishipi ya wenziwe. Aliambiwa, "Ngowa, mbona huamkii?" Akajibu, "Nimekuja kwa samaki, sikuja kwenu."

"Na ukimpata, mbona hushukuru?"

"Nimshukuru nani? Ndoano yangu, chambo changu, mkono wangu. Ninyi mlifanya nini? Mliangalia!"

Palikuwa na mtu wa maskhara pale, jina lake Chirunga, ambaye mdomo wake haukupata kufungwa hata na mafua. Akasema, "Mwacheni. Hata mamba akishakula hufumbua kinywa, ndege wakamsafisha meno. Huyu amemshinda mamba kwa kiburi, huenda siku moja akamshinda kwa meno."

Watu wakacheka. Ngowa hakucheka. Wala hakujirekebisha.

Siku moja Bibi Nyamvula, mjane mfinyanzi, alinasisha kambare. Ufito wake ukapinda, naye akalia, "Maji, jamani!" Fito kumi zikainuka. Wa Ngowa ukabaki majini.

"Ngowa mwanangu, mshipi!"

"Mshipi wangu umekukosea nini, mama? Mwambie samaki wako apite kando."

Kambare hakupita kando. Alipita papo hapo, mishipi miwili ikazongana, wa Bibi Nyamvula ukakatika, pu! Samaki akaenda zake na ndoano mdomoni. Mnangoja matusi, sivyo? Hayakuja. Bibi Nyamvula aliuvuta ule mchafuko wa nyuzi magotini mwake, akaufundua fundo baada ya fundo, akautenga mshipi wa Ngowa na mabaki ya wake, akamrudishia mzima, na ndoano yake juu. Kisha akachukua kapu lake tupu akaenda nyumbani.

Ngowa aliupokea mshipi. Na hata pale, wajukuu zangu, hakusema ahsante.

Zikapita siku. Mbeyu, mkewe Ngowa, akajifungua mtoto wa kike. Furaha ilidumu usiku mmoja na mchana wake. Siku ya pili maziwa hayakushuka. Siku ya tatu maziwa hayakushuka. Mbuzi wa kijiji walikuwa wamekauka viwele kwa ukame, na jirani aliyekuwa akinyonyesha alijaribu kumgawia yule mtoto, lakini yeye mwenyewe alikuwa na matone yasiyomtosha hata mwanawe. Mtoto aliyelia siku ya kwanza kama jogoo, siku ya tatu alilia kama kifaranga.

Mkunga Bibi Kadzo akatoka chumbani, akamkuta Ngowa ameinama mlangoni.

"Inuka," akamwambia. "Mkeo hana maradhi, ana njaa. Mchuzi wa kambare ndio hufungua kifua cha mzazi. Si kambare mkavu, si wa jana. Nataka aingie chunguni bado anapiga mkia."

"Nitampata, Bibi."

"Mpate leo. Kesho sikuahidi kitu."

Ngowa akachukua ufito wake akakimbia. Alipofika Masazoni jua lilikuwa limekwisha panda, na wale kumi na mmoja wamejipanga kuanzia jabalini hadi mchangani. Kwa mara ya kwanza tangu azaliwe alitamani kuwasalimu, na kwa mara ya kwanza salamu ilimkataa. Aliifungua midomo, ikatoka pumzi. Angesemaje? Siku zote alizowapita kama magogo, leo awaamkie kwa kuwa ana shida? Aliona haya. Akaenda kuketi mwisho kabisa, kwenye kina kifupi ambako hakuna apendaye kuketi, akatupa mshipi wake.

Akangoja. Chelezo kimya. Akabadilisha chambo. Chelezo kimya. Katika masikio yake alimsikia yule kifaranga.

Mara chelezo kikazama! Hakikucheza wala hakikutikisika: kilizama kizima kama kilichoitwa. Ngowa akavuta, na mkono wake ukamwambia yote: kambare, mkubwa, mkubwa kuliko wote aliopata kuwavua. Naye kambare akageuka. Aliacha kile kina kifupi, akakata maji kuelekea jabalini, urefu wote wa Masazo, na katika njia yake ilikuwako mishipi kumi na mmoja, mmoja baada ya mwingine, kama vijiti vya ua.

Ngowa alijua ukelele wa kupiga. Maneno mawili tu, mtoto wa miaka minne angeyasema. "Maji, jamani." Lakini kwa uso gani? Alimwona Bibi Nyamvula ameketi katikati ya ule mstari, na mshipi wake mpya ndani ya maji. Akasema moyoni, "Leo na mimi nitaambiwa apite kando. Na watakuwa wamesema haki."

Akafumba macho. Akaushika ufito kwa mikono miwili, akaungoja mvuto wa mshipi unaokatika.

Nyamazeni kidogo, msikilize alichosikia.

Alisikia maji yakidondoka. To. To. To. Kisha mahali pengine, to, to. Kisha pengine, na pengine, hata ikawa kama mvua ile iliyokataa kuja mwaka mzima. Katikati ya sauti hiyo kikaanguka kitu, chubwi! kama samaki mdogo aliyeponyoka ndoanoni akarudi majini.

Akafumbua macho. Fito kumi na moja zilikuwa zimesimama juu, na mishipi kumi na mmoja inachuruzika. Maji yote ya Masazo, toka mchangani hadi jabalini, yalikuwa wazi mbele yake kama barabara. Hakuna aliyekuwa ameombwa.

Kambare alikimbia hata akachoka. Ngowa akamvuta taratibu, akamkumbatia kifuani kama mtu, akasimama. Alitaka kuwageukia aseme lililompasa. Yakamtangulia machozi. Chirunga akamkemea, "Unatungoja tukuimbie? Kimbia, bwana, samaki anakufa! Habari za mwanao tunazo!"

Akakimbia.

Kambare aliingia chunguni akipiga mkia, kama Bibi Kadzo alivyotaka. Mbeyu akanywa mchuzi bakuli la kwanza, akanywa la pili, akalala. Jua lilipoanza kuteremka, Ngowa akiwa ukumbini, alisikia mlio mdogo kutoka chumbani, mlio wa mtoto anayemeza kwa pupa, akapaliwa, akameza tena. Ngowa aliegemeza kichwa chake ukutani. Hakupata kusikia ngoma tamu kama ile.

Mbeyu akamwita. "Baba Fulani," akasema kwa kucheka, maana mtoto hakuwa na jina bado, "huyu samaki amepitaje katikati ya watu uliowaudhi?"

"Waliinua."

"Nani aliyeanza?"

Ngowa akatikisa kichwa. Hakujua, alikuwa amefumba macho. Lakini swali likamwingia kama mwiba. Alijiambia kwamba kumi walifuata tu, kama kondoo wafuatavyo. Mmoja ndiye aliyeanza, na huyo mmoja ndiye mwenye haki ya shukurani. Basi akaikusanya minofu michache ya yule kambare iliyosalia chunguni, akaifunga kwa jani la mgomba, na asubuhi akaenda kumtafuta mtu wake.

Akaanzia jabalini. "Ni wewe uliyeanza kuinua?"

"Si mimi. Nilipotazama, jirani yangu alikwisha inua."

Akamwendea jirani. "Si mimi. Nilimfuata wa mkono wa kushoto."

Wa kushoto akasema ni wa kulia. Wa kulia akasema hakumbuki. Akamfikia Chirunga.

"Mimi?" Chirunga akaruka. "Mimi nilikuwa nakuombea umkose! Niliomba kwa moyo safi kabisa. Mkono wangu ndio usiosikia dua zangu."

"Na samaki aliyeanguka majini? Nani aliyempoteza samaki wake kwa ajili yangu?"

Watu wakatazamana. Mmoja akakuna shingo. Mwingine akaangalia chambo chake.

Akabaki Bibi Nyamvula. Ngowa akapiga magoti mchangani. "Mama, ni wewe. Niambie ni wewe, nipate kukushukuru."

Bibi Nyamvula akautazama ule mfuko wa jani la mgomba, akamtazama na mwenyewe. Akasema, "Ngowa mwanangu, wataka kumjua mmoja ili hawa kumi uendelee kuwapita kama magogo?"

Neno lile halikuwa na ukali, nalo lilimfika kunako. Ngowa alikaa palepale alipopiga magoti. Kisha akalifungua jani, akaikata minofu vipande kumi na moja, vidogo, kila kimoja kama ukucha wa gumba, akamzungukia kila mtu na kumtilia kiganjani kwa mikono yake miwili. "Ahsante kwa maji," akamwambia wa kwanza. "Ahsante kwa maji," akamwambia wa pili. Mara kumi na moja, kwa majina yao, naye akagundua kwamba majina mawili hakuwa akiyajua, ikambidi aulize. Wakala wakicheka, maana hakuna aliyepata hata cha kutafuna. Chirunga akasema amekula karamu nyingi lakini hiyo ndiyo ya kwanza iliyoingia katika jino moja.

Na tangu siku hiyo Ngowa aliishi na watu kwa namna ya peke yake. Akikutana na mtu njiani, alimpisha, maana huenda ndiye aliyeanza. Akiudhiwa na mtu, aliuzuia ulimi, maana huenda ndiye aliyempoteza samaki wake. Hakupata kumjua, na kwa kutomjua akawaheshimu wote.

Mvua ikarudi. Mlamba ukajaa, ukapanuka, hata mtu aliye ng'ambo ukimwita hasikii. Watu wakatawanyika, kila mmoja na ukingo wake, na haja ya kuinua mishipi ikaisha. Lakini Ngowa, hata uzeeni, akiona ng'ambo ya mto ufito wa mtu umepinda, aliuinua wake juu ukachuruzika, akangoja hata samaki afike nchi kavu. Wageni waliopita waliulizana, "Yule mzee kule ana nini, mbona ameelekeza ufito mbinguni?" Hawakujua. Naye hakuwaambia. Alikaa tu na mkono wake juu, anatabasamu, kama mtu anayeitikia salamu.

Basi shikeni hili, wajukuu zangu. Wema mnaofanyiwa ni mwingi kuliko majina ya wafadhili mnaoyajua. Usipomjua aliyekufaa, mstahi kila unayekutana naye, maana huenda ndiye. Na asipokuwa ndiye, hukupoteza kitu.

Kale imeinuka, imekung'uta vumbi, imekwenda zake. Nilichopewa nimewapa: kilichopungua ni usahaulifu wangu, kilichozidi ni ulimi wangu, na kilicho sawa ni chenu.