Kigingi cha Sengondo

Kuhamisha kigingi si kuhamisha maji. Jana mlimsikia shangazi yenu akimwambia hivyo yule fundi aliyepaka chokaa juu ya ufa wa ukuta. Mkacheka, mkauliza maji yameingiaje kwenye habari ya chokaa. Yaliingia, wajukuu zangu, tena yaliingia mpaka chumbani. Methali hii ilianza hivi.

Huko milima ya Upare, katika bonde lililoitwa Kwamshindo, aliishi Sengondo na mkewe Nakijwa. Sengondo alikuwa mkaidi kama mbuzi wa kukodi, lakini bonde zima lilimheshimu kwa jambo moja: watu walipogombea mpaka, aliitwa yeye. Wazee walisikiliza pande zote mbili, wakanywa dengelua, ile pombe ya miwa, kisha Sengondo akapanda isale. Isale ni mmea tu, majani marefu na shina jembamba, hata mtoto angeung'oa. Ila ukishapandwa, neno limekwisha. Aliyeuvuka alijitafutia laana.

Hata maji yalitawaliwa hivyohivyo. Juu ya bonde kulikuwa na ndiva, bwawa dogo la udongo la kumwagilia mashamba. Aliyesimamia zamu alichomeka jani la isale kwenye mfereji, na hakuna aliyethubutu kuyavuta maji kupita hapo. Watu wa Kwamshindo walikuwa hawajawahi kuona maji yasiyosikia.

Nyuma ya nyumba ya Sengondo, upande wa bondeni, palikuwa na kaburi la binti yao wa pekee, Namkunda, aliyechukuliwa na degedege kabla meno yake hayajatimia. Nakijwa alilifagia kila asubuhi, kabla hajafagia uwanja wake mwenyewe.

Basi wakaja wapimaji. Mkutano ukaitishwa shuleni, na bwana mpima, kijana mpole mwenye viatu vilivyojaa vumbi, akaeleza kwamba ukuta mkubwa utajengwa kwenye koo la bonde, na bonde litakuwa bwawa.

"Na ndiva yetu?" akauliza mzee mmoja.

"Itakuwa ndani ya bwawa, mzee wangu."

"Yaani bwawa limemeza bwawa!"

"Huko mnakotupeleka kuna migomba," akadakia mama mmoja, "au kuna nyani tu wanaotusubiri?"

Watu wakacheka kicheko cha msibani. Bwana mpima akasema kwamba mwisho wa maji utawekwa vigingi vyekundu. Walio chini ya vigingi watahamishwa, wao na makaburi yao. Walio juu watabaki. Kisha akauliza kama kuna mwenye neno. Macho yote yakamgeukia Sengondo, mtu wa mipaka. Sengondo akakaa kimya, akiviangalia vile vigingi vilivyolazwa sakafuni. Vijiti tu! Vyembamba kuliko isale.

Kigingi cha upande wake kilichomekwa juu ya nyumba, katikati ya migomba. Maana yake nyumba ilikuwa ya maji, na kaburi pia.

"Tutambeba mtoto," alisema Nakijwa walipofika nyumbani. "Nimeuliza. Watachimba taratibu, wazee watachinja kondoo, tutakwenda naye."

"Mtoto aliyelala haamshwi."

"Bora aamshwe na maji?"

"Mama Namkunda, maji yana mpaka wake. Na mipaka naijua mimi."

Siku ya gulio, bonde lilipobaki na kuku na wagonjwa, Sengondo alichukua jembe, akaving'oa vigingi vya upande wake kimoja kimoja, akavichomeka upya mteremkoni, chini kidogo ya lilipo kaburi. Akakandamiza udongo kwa kisigino, kama alivyozoea. Pembeni ya kila kigingi akapanda isale, ili kazi iwe kamili.

Majirani ambao nyumba zao zilijikuta pakavu walimletea dengelua.

"Sengondo, wewe ungekuwa mbunge!"

"Mbunge wa nini?" akadakia mwingine. "Huyo akiona maji huhama mwenyewe."

Walikunywa, wakamsifu. Nakijwa peke yake ndiye hakuonja.

Yakaja magari ya kuhamisha watu. Wa chini ya vigingi walibomoa nyumba, wakafukua wafu wao, mifupa ikafungwa kwenye shuka nyeupe, kondoo wakachinjwa. Bwana mwingine, si yule mpole, akasimama mbele ya nyumba ya Sengondo, akakitazama kigingi, akautazama mlima.

"Mzee, hiki hakijaguswa?"

"Mtu wa mipaka hapa ni mimi. Angekigusa nani?"

"Baba Namkunda," Nakijwa akaita kwa sauti ya chini.

Sengondo hakugeuka. Alijua akigeuka ataona macho yake, na akiyaona atasema kweli. "Huyu anaumwa kichwa," akamwambia mgeni. Magari yakaondoka.

Ukuta ukakamilika, mvua za masika zikanyesha. Maji hayakuja kwa kishindo. Yalikuja kama mgeni asiyepiga hodi: leo yako shambani, kesho chooni, keshokutwa yanachungulia uani. Yalipofika kwenye kigingi, Sengondo akasimama mbele yake na fimbo, akicheka.

"Umefika. Hapohapo!"

Maji yakamlowesha vidole vya miguu. Akarudi nyuma hatua moja, akayakemea kama anavyokemewa mbuzi aliyeingia kwenye maharage. Yakamfikia vifundoni. Kisha kigingi kikalegea, kikang'oka, kikaelea, kikaanza kumfuata kuelekea nyumbani. Isale lilibaki limesimama ndani ya maji, kijani kabisa, na hakuna aliyeliheshimu.

Hapo ndipo Sengondo alipolikimbilia jembe. Alichimba kaburi kama mwendawazimu, lakini maji hayakusubiri kuja kwa juu. Yalipanda kutoka chini. Kila alipotoa udongo, shimo lilijaa tope. Nakijwa akapiga magoti humo, akapapasa kwa mikono miwili, akapapasa, akatoa mizizi, akatoa mawe. Walipokuja majirani kumvuta, nao wamejitwika magodoro yao, maji yalikuwa yamemfika kifuani.

"Umeona?" alimwambia mumewe. "Ameamka."



Kwenye makazi mapya, makaburi yaliyohamishwa yalipangwa safu, na akina mama waliyafagia kila asubuhi. Nakijwa hakuwa na pa kufagia. Basi alishuka na ufagio wake mpaka ukingoni mwa bwawa, akafagia pale maji yalipoishia. Yakipanda, naye alipanda. Yakishuka, naye aliyafuata. Na Sengondo hakuitwa tena kwenye mpaka wa mtu yeyote.

Miaka ikapita, ikasikika kwamba ukuta utaongezwa urefu. Vigingi vyekundu vikatokea kwenye bonde la pili. Vijana wa huko wakaja kwa Sengondo na jogoo mnene.

"Shikamoo, baba. Tumesikia wewe uliving'oa wasikushtukie. Tufundishe."

Sengondo hakumpokea jogoo. Aliwaongoza mpaka ukingoni, kwa Nakijwa.

"Huyu mama anafagia nini hapa?" akanong'ona mmoja wao.

"Uwanja wa mwanawe." Sengondo akawageukia. "Siku ya mkutano nilikuwa na mdomo, nikangoja nitumie jembe. Ninyi nendeni mkaulize, mkatae, mpige kelele hadi mate yawakauke. Lakini kigingi kiacheni palepale, ili kila mtu aone maji yanapotaka kufika."

"Lakini baba, tukikishusha kidogo tu, si..."

Ufagio ukasimama. Nakijwa hakuunyoosha mgongo, wala hakuwatazama.

"Wanangu," alisema, "kuhamisha kigingi si kuhamisha maji."

Kisha akaendelea kufagia.