Wimbo wa Bi Mwanaidi na Sauti ya Sultani

Hapo zamani, mji wa Kivumoni ulipokuwa ungali na Sultani wake, palikuwa na mjane aitwaye Bi Mwanaidi, msuka mikeka. Binti yake aliolewa nchi ya mbali, na kila alipomkumbuka alisuka ukili wa mkeka huku akiimba wimbo alioutunga mwenyewe:

Njoo mwanangu, ukili wako sijaukata,
Mlango nimeurudishia tu, komeo sijalitia.

Basi Hamadi, mwimbaji wa Sultani, akapita kibarazani pake, akausikia, akaushika. Siku ya karamu akauimba kwa sauti tamu hata mawaziri wakajifuta macho. Sultani akamvika joho, akamwuliza, "Wimbo huu ni wa nani?"

"Wangu, bwana wangu."

Bi Mwanaidi, aliyekuwa ameleta mikeka ya wageni, akapaza sauti: "Wako tangu lini, Hamadi? Huyo mwanangu umwitaye ulimzaa wewe?"

Sultani akamwamuru auimbe yeye. Maskini, sauti yake ilikuwa ikikwaruza kwa uzee. Akakohoa katikati, na watu wakaangua kicheko. Sultani akahukumu: "Neno ni mali ya yule alisemaye vizuri zaidi. Nawe kwa kuniharibia karamu, utakaa kifungoni hata utakapomshinda Hamadi kwa kuimba."

Mle karamuni alikuwamo Shaame, fukara asiye na kanzu ya pili, ambaye riziki yake ilikuwa kuigiza sauti za watu sokoni. Alikuwa jirani wa Bi Mwanaidi, na mama yule hakuwahi kula akamwacha na njaa. Shaame akasogea mbele, akainama.

"Bwana wangu, mimi akili yangu nzito. Hukumu hii ni ya nyimbo tu, au ya maneno yote?"

"Ya maneno yote."

"Na nani aamuaye kuwa limesemwa vizuri zaidi?"

"Wasikiao. Haya, niondokee!"

Kesho yake Sultani alishikwa na mafua, akajilaza mchana. Shaame akaenda nyuma ya ukuta wa gereza, akajikohoza kama Sultani, akanguruma: "Enyi askari! Mfungulieni yule mama! Mtandikieni zulia langu uani, mkamletee pilau ya jikoni kwangu. Na Shaame akija, mpeni mnofu!"

Askari wakakimbizana.

Sultani alipoamka akatoka uani, na Hamadi nyuma yake. Akamkuta Bi Mwanaidi amekaa juu ya zulia, na Shaame ubavuni pake akifyonza mfupa.

"Nani kawaamuru haya?" akauliza, sauti imemkwama puani.

"Wewe, bwana wetu," askari wakajibu. "Tena uliamuru vizuri, si kama usemavyo sasa."

Shaame akanawa mikono, akapiga magoti. "Ni mimi, bwana wangu."

"Umeiba amri yangu! Leo kichwa chako halali yangu."

"Amri yako kwa vipi, bwana wangu? Ulisema neno ni la alisemaye vizuri zaidi, na wasikiao ndio waamuzi. Hawa wamesikia, wametii mbio. Lakini kama huu ni wizi, basi tu wezi wawili, mimi na Hamadi. Tukatwe pamoja."

Sultani akageuka. "Hamadi, sema kweli."

Hamadi akatazama chini. "Niliusikia kibarazani kwake, bwana wangu."

Hapo Sultani akacheka mpaka pua ikamzibuka. Akaagiza joho la Hamadi apewe Bi Mwanaidi, lakini mama akalisukuma kando.

"Bwana wangu, joho nitakwenda nalo wapi? Huyu kijana anauimba kunishinda, na jana nilipomsikia machozi yalinitoka kama si mimi niliyeutunga. Na auimbe. Ila kabla hajafungua kinywa, anitaje."

Ikawa hivyo. Kila karamu Hamadi alisema kwanza, "Wimbo wa Bi Mwanaidi, msuka mikeka," ndipo akaimba. Shaame naye akatunukiwa kanzu mpya na ruhusa ya kula jikoni kwa Sultani siku aipendayo.

Aliyebaki na taabu ni Sultani mwenyewe. Siku moja alirudi peke yake kutoka shambani, mvua imemlowesha chapachapa, akagonga lango. "Fungueni! Ni mimi Sultani wenu!"

Askari wakacheka huko ndani, na mmoja wao akajibu: "Nenda nyumbani, Shaame. Leo hata hujamwigiza vizuri."