Farasi wa Bahari Aliyetafuna Maji

Paukwa!

— Pakawa!

Palikuwa na nini?

— Wewe ndiye unayejua, Bi Tatu!

Palikuwa na bahari.

— Ya wapi?

Ya sebuleni, kando ya televisheni, kwa Bi Mwanatumu wa Tanga.

Msicheke. Shikeni njugu, pitishianeni sahani, ila asinitafunie mtu masikioni. Mimi nikisimulia sitaki kelele.

Basi, Bi Mwanatumu alikuwa na tangi la kioo, refu kama kochi la watu watatu. Ndani mna maji ya chumvi, mna matumbawe, mna mashine ya kusukuma maji, bulu bulu bulu, kutwa kucha. Humo alifuga farasi wa bahari wawili, mume na mke. Msiniulize kuhusu kwato. Farasi hawa ni wadogo kama kidole, wana kichwa cha farasi, mkia wa kujishikiza, na mwendo wa bibi harusi.

Na kwao, sikilizeni vizuri, anayebeba mimba ni mume.

— Uongo!

Wallahi tena! Mke anamkabidhi mayai, mume anayatia kwenye mfuko wa tumbo, anakaa nayo mpaka yawe watoto. Naona akina mama mmefurahi.

Sasa Bi Mwanatumu, kwa wema wake, akanunua na kikande. Alipoletwa alikuwa samaki mdogo, mzuri, wa rangi rangi. Kumbe mlafi asiye na mfano! Kila asubuhi uduvi ukimwagwa tangini, Kikande yuko pale: hap! hap! hap! Farasi wa bahari hali hivyo. Yeye huutazama uduvi mmoja, akaupenda kwanza, ndipo akaufyonza: tik! Akimaliza huo mmoja, Kikande kameza thelathini.

Tumbo la Bwana Farasi likajaa. Zikabaki siku chache azae. Kikande akaja kumtembelea.

"Jirani, humo tumboni wamo wangapi?"

"Mia hivi, Mungu akijalia."

"Wazae tu, ndugu yangu. Mimi hapa sina safari."

Akajilamba. Bwana Farasi moyo ukamlipuka, paa! Alijua kwamba watoto wakitoka, mbele ya mdomo ule watakuwa uduvi tu.

"Mume wangu, tufanyeje?" mkewe akauliza.

"Wewe kula ukipata. Mimi nafikiri."

Bi Mwanatumu naye alikwisha kumchoka Kikande. Alijaribu kumkamata kwa mkono, akaumwa mara mbili. Akachukua chupa ya maji, akaikata shingo, akaigeuzia ndani kama mlango wa dema, ule mtego wa samaki: kuingia rahisi, kutoka kazi. Akatia uduvi, akaifunga uzi, akaizamisha. Siku ya kwanza Kikande akaitazama, akapita. Siku ya pili akapita tena.

"Uduvi wa bure ndani ya chupa? Huo mtego. Mimi mtoto wa mjini, bwana!"

Siku ya tatu uduvi ulishayeyuka wote, chupa haina kitu. Bwana Farasi akajikokota na tumbo lake, akazungusha mkia kwenye ule uzi, akaanza: tik! tik! tik!

Kikande huyo, mbio. "Unakula nini?"

"Sili kitu."

"Mbona tik?"

"Jino linaniuma."

"Jino! Farasi gani wa bahari ana jino?" Akaondoka. Hakufika mbali. Tik! tik!

"Unakula nini?"

"Sili kitu."

"Mbona tik?"

"Kwikwi tu, jirani. Mimba hii."

Akaondoka. Hakufika popote. Tik! tik! tik! Bwana Farasi kafumba macho kama mtu aliyepata ukoko wa pilau.

"UNAKULA NINI?"

"Polepole, mke wangu asisikie. Humu chupani mna uduvi wenye mayai. Ni akiba ya wanangu. Niapie hutaugusa."

"Naapa. Lakini si mtego huu?"

"Mtego? Mbona mimi naingia na kutoka?"

Bwana Farasi akaingia. Kichwa kikapita, shingo ikapita, tumbo likakwama. Jamani! Akawaza wanawe mia, akajibana, akajipinda, fyuu, ndani! Akafyonza maji matupu: tik! Akajipinda tena, akatoka.

Kikande hakungoja. Kumwacha mwenzake ale kitu ambacho yeye hajakionja, hilo hakuliweza. Akajitosa, kwaa! Akatazama huku, maji. Akatazama kule, maji. Akashtuka, na kikande akishtuka husimamisha mwiba wake wa mgongoni. Mwiba ukasimama, mlango ukawa mdogo, ndiyo basi tena.

"Ndugu yangu, umeniambia uongo!"

"Nilikwambia mara mbili sili kitu. Hukuniamini."

Bi Mwanatumu akaja, akavuta uzi. "Leo nimekupata, mlafi we! Nani kama mimi?" Akamhamishia kwenye tangi dogo la jikoni, peke yake. Huko anakula mara tatu kwa siku, hagombani na mtu, na amenenepa mpaka kugeuka ni taabu. Hajawahi kulalamika.

Kesho yake asubuhi Bwana Farasi akashika tumbawe kwa mkia, akasukuma: pu! pu! pu! Wakatoka watoto kama vipande vya tambi, kila mmoja anatafuta cha kushika, wengine wakashikana mikia wenyewe kwa wenyewe. Bi Mwanatumu akawachota kwa kikombe awatie kwenye ndoo yao, huku akihesabu. Akafika sitini na tatu, akapotea, akaanza upya, akapotea tena, akaacha, akacheka peke yake.

Bwana Farasi yuko hoi. Mkewe akamsogelea. "Sasa kula, mume wangu." Akala polepole, hakuna wa kumharakisha. Tik. Akapumzika. Tik. Raha iliyoje!

Hadithi yangu imegonga kioo, haina pa kwenda. Mwenye njaa akale, aliyeshiba anisindikize.

Na funzo lake ni hili: kutafuna kwa kelele ni tabia mbaya, haijamfaa mtu hata siku moja. Kuleni kimya.

— Lakini Bi Tatu, si Bwana Farasi...

Bwana Farasi sikumlea mimi! Na wewe pale nyuma, nasikia kwa, kwa, kwa. Unakula nini?

— Sili kitu, Bi Tatu!

Hee! Sogea hapo nije nione.