Ngozi Iliyovutwa Pande Nne

Mwamba ngozi huvutia kwake. Ndivyo walivyosema wahenga, na yeyote aliyewahi kuwaona watu wakiwamba ngozi anajua kwamba hawakusema uongo. Kila mmoja hushika upande wake akauvuta kuelekea kifuani pake. Maana ya methali hii ni kwamba binadamu, hata akijidai mwadilifu kama mizani, neno lake na hukumu yake huelemea pale penye faida yake. Wengi huitamka kwa kuguna, kama wanaomsuta mwizi. Mimi sikatai. Ila hao wanaoguna sijawahi kuwasikia wakiuliza ngozi isiyovutwa na mtu inafaa kazi gani.

Mjomba mmoja, fundi wa makochi, alikuwa na karakana ndefu yenye harufu ya gundi na ngozi mpya. Mbele alipanga makochi yaliyokamilika, katikati alifanyia kazi, na nyuma kabisa, baada ya marundo ya sponji, aliwaachia wapwa zake nafasi ya kupigia muziki. Aliwapa nafasi hiyo kwa sababu sponji humeza kelele, na pia kwa sababu alichoka kuwasikia wakipigia sebuleni kwake.

Bendi ilikuwa ya watu watatu. Gitaa lilipigwa na Waya, fundi umeme aliyepata jina lake kwa kuwa mifuko yake haikukosa vipande vya nyaya. Besi ilikuwa ya rafiki yake, kinyozi mrefu kama nguzo, ambaye kila mtu alimwita Kinyozi tu. Nyuma ya drams alikaa dada yake Waya, muuguzi. Wagonjwa walimwita Sista, na mdogo wake naye akamwita Sista, basi jina likawa la dunia nzima. Yeye alipiga drams na kuimba viitikio kwa pamoja, na drams zilikuwa zake, alizinunua mwenyewe kwa jasho la zamu zake.

Wote watatu walikuwa wendawazimu wa nu metal, ule muziki mzito wa magitaa yaliyolegezwa nyuzi hadi yangurume, besi inayochapa, na mwimbaji anayefokafoka kisha akalia. Kuupenda walikubaliana. Kuhusu nani aliyeufungulia njia, walikuwa paka na panya.

Na wiki hiyo ugomvi wao ulipata mahali pa kuchezea. Redio ya mji iliandaa mjadala wa aina yake: bendi za vijana zingepanda jukwaani na kulijibu swali kwa vyombo badala ya maneno. Swali lilikuwa moja: ni bendi gani ya roki mbadala iliyoifungulia njia nu metal? Kila kundi lilitakiwa kumpigia mtangazaji simu kabla ya Ijumaa kwisha, limtajie bendi moja tu inayoitetea. Mjadala ungekuwa Jumamosi alasiri, moja kwa moja hewani.

Kwa Sista jambo hili halikuwa mchezo. Alikuwa amepata uhamisho kwenda hospitali ya mbali, na safari yake ilikuwa Jumapili. Hakuwa amewahi kupiga drams mbele ya watu maishani mwake, isipokuwa mbele ya makochi.

"Nisikilizeni nyote wawili," aliwaambia Alhamisi jioni, akiwaelekezea fimbo za drams kama mwalimu wa hesabu. "Jumamosi ndiyo nafasi yangu ya kwanza na huenda ikawa ya mwisho. Mkinitia aibu na ugomvi wenu, drams hizi nawapa kwaya ya hospitali. Wamezitamani siku nyingi, na wao angalau wanajua kupatana. Bendi imekufa, tuagane kwa amani."

Waya aliitikia kwa kichwa. Alijua dada yake hatishii nyau.

"Basi ni rahisi," akasema. "Tunatetea Rage Against the Machine. Mjadala umekwisha."

"Umekwisha wapi?" Kinyozi aliruka. "Hata haujaanza!"

"Sasa nani mwingine aliyechukua kufokafoka akakupandisha juu ya gitaa zito namna ile? Na lile gitaa lenyewe, mara linalia kama santuri inayokwaruzwa, mara kama king'ora! Bila wao hakuna kitu."

"Wewe unasikia gitaa kwa sababu unapiga gitaa, ndugu yangu. Nu metal bila besi ni chai bila majani. Nawapa Red Hot Chili Peppers! Kidole gumba kinachapa uzi, uzi unarudi na kofi lake. Na ukitaka besi yenye kichaa zaidi, Primus wale pale, kawasikilize upone."

Sista alicheka kwa dharau. "Mnabishana na mama yenu hapa hapa. Faith No More ndio waliopika chungu chote. Kufokafoka kulikuwemo, kinanda kilikuwemo, gitaa zito lilikuwemo. Halafu zile ngoma, jamani, ni kama mtu anavunja mlango! Na mwimbaji anageuka. Sasa hivi anafoka, sasa hivi anaimba kama malaika."

"Umesema ngoma na kuimba," Waya alidakia. "Nani kati yetu anayepiga ngoma na kuimba? Nisaidieni, nimesahau."

Ikawa vuta nikuvute. Waya aliwasha spika akapiga ushahidi wake, Kinyozi akapiga wake juu ya ule wa Waya, Sista akawafunika wote wawili. Hatimaye Kinyozi alipata wazo la kumwita Mjomba aamue, kwa kuwa yeye hapigi chombo chochote na hana upande.

Mjomba alikuja na koleo mkononi na pini mdomoni. Alizitema pini kiganjani, akafikiri.

"Mimi nimewasikia hao wote miaka na miaka, bila kuomba," akasema. "Wazuri ni wale wanaokatakata. Wenye jina la kofia."

"Helmet?" waliuliza kwa pamoja.

"Hao hao. Magitaa yanapiga yote kwa mpigo, kisha kimya. Yanapiga, kimya. Hata hizo nu metal zenu nasikia zinakatakata vilevile."

Waya alikiri kwa shingo upande kwamba hoja ilikuwa na uzito. "Lakini kwa nini hao, Mjomba?"

"Katika kile kimya huwa nasikia simu za wateja."

Walicheka hadi Kinyozi akaangukia rundo la sponji. Kumbe hakimu naye alikuwa na upande wake! Waliachana jioni hiyo bila uamuzi, wakiahidiana kwamba kesho watakubaliana jina na mmoja wao atapiga simu.

Ijumaa ilikuwa siku ya ajabu. Hakuna aliyebisha. Walipokutana kufanya mazoezi, Waya alimwambia Kinyozi, "Tuanze na wako," na Kinyozi akajibu, "Hapana, tuanze na wa Sista." Sista naye aliwatazama kwa upole wa mtu mwenye kadi zote mkononi. Wakaridhiana, wakachekeana, wakaagana kwa kukumbatiana. Hakuna aliyeuliza kama simu ilikuwa imepigwa. Mjomba alipiga pini zake kwenye kochi akipiga mbinja, jambo asilozoea kulifanya, na hilo peke yake lingetosha kuwashtua.

Jumamosi ukumbi wa redio ulifurika. Watu walikaa kwenye viti vya plastiki, wengine wakasimama ukutani. Bendi zilipanda na kushuka. Moja iliwatetea Jane's Addiction kwa ustadi hadi watu wakasimama kuipigia makofi. Sista alifuta viganja vyake kwenye suruali kila mara. Mjomba alikaa mstari wa mbele, amevaa shati aliloliweka kwa ajili ya harusi.

Zamu yao ilipofika, mtangazaji, mama mwenye sauti ya kengele, aliwatazama huku ameshika kiuno.

"Kundi hili limetaka kunitia wazimu," aliuambia ukumbi. "Jana asubuhi kijana mmoja ananipigia: tunatetea Rage Against the Machine. Nikashukuru. Sijamaliza chai, mwingine: sisi ni Red Hot Chili Peppers. Mchana, dada mmoja mwenye sauti ya kuamrisha wagonjwa: andika Faith No More, usimsikilize mtu mwingine!"

Ukumbi uliangua kicheko. Jukwaani watu watatu walitazamana, macho yamewatoka kama mjusi aliyebanwa na mlango.

"Ngojeni, sijamaliza. Jioni akapiga mzee mmoja, akasema yeye ndiye mwenye karakana, na kwamba bendi imekubaliana kwa sauti moja: Helmet."

Sasa watu walipiga hadi viti. Vichwa vitatu viligeuka kumtafuta Mjomba, naye alikuwa akikagua dari kwa makini sana.

"Haya, pigeni," mtangazaji alisema akipangusa machozi ya kicheko. "Mkimaliza mtanitajia jina moja. Moja!"

Wakaanza, na walianza vibaya mno. Waya, kwa hasira ya kusalitiwa, alirukia gitaa lake likapiga king'ora. Kinyozi alichapa besi yake kwa mwendo mwingine kabisa. Sista aliwapigia wote wawili ngoma za kuvunja mlango, na mlango haukufunguka. Kila mmoja alivuta kwake kwa nguvu zake zote, na muziki ukaenda upande. Watu mstari wa mbele walianza kukunja nyuso. Sista aliona mtangazaji akiinua mkono ili awakatishe. Hii ndiyo nafasi aliyoingoja maisha yake yote, na ilikuwa inamponyoka mbele ya macho yake.

"Basi!" alipaza sauti, akayakamata matoazi yake kwa mikono yote miwili.

Kukawa kimya. Waya na Kinyozi waliganda. Na katika kimya hicho simu ya Mjomba ikaita.

Ukumbi ulicheka, Mjomba akaihangaikia mfukoni, lakini Sista hakucheka. Alikuwa ameshaelewa. Alipiga mpigo mmoja mzito, mwingine, kisha akanyamaza. Akarudia: mpigo, mpigo, kimya. Waya alilitambua lile katakata, akalifuata kwa nyuzi za chini, gitaa likanguruma na kukatika pamoja naye. Mpigo, mpigo, kimya.

Kinyozi hakuweza kuvumilia kile kimya kikipita bure. Akakidaka, akachapa uzi kwa kidole gumba, na kofi la besi likatua mahali pake kama kifungo kwenye tundu. Waya naye, kwa wivu, alidaka kimya kilichofuata akakwaruza gitaa lake likalia, kisha akainamia kipaza sauti na kuanza kufokafoka. Sista hakukubali kuachwa. Kiitikio kilipofika alikiimba kwa sauti nyembamba ya malaika, huku mikono yake ikivunja mlango. Na mlango ukafunguka, jamani! Ukumbi mzima uliruka kama umepigwa shoti ya umeme. Usidhani walikuwa wamegeuka watakatifu. Kila mmoja alikuwa bado anavuta kwake, ila sasa walivuta kwa wakati mmoja, na kilichosikika kilikuwa nu metal yenyewe, nzito, iliyokaza.

Walipomaliza, mtangazaji alilazimika kungoja makelele yapungue.

"Sasa! Jina moja!"

Majina matatu yalilipuka kwa pamoja, na kutoka mstari wa mbele likaja la nne.

Kanuni ni kanuni. Ushindi walipewa watetezi wa Jane's Addiction, na walistahili. Lakini watu hawakukubali kutoka. Walipiga kelele za "Tena! Tena!" hadi mtangazaji akawarudisha wale watatu jukwaani kufunga kipindi, na safari hii alipiga makofi kuliko wote.

Jumapili asubuhi mabegi ya Sista yalisimama mlangoni mwa karakana. Waya na Kinyozi walikaa juu ya sponji wakimtazama akilegeza skrubu za ngoma kubwa. Walijua maana yake. Ngoma hulegezwa zinapokwenda safari, na kwaya ya hospitali haikuwa mbali.

"Jana mlinitia aibu," Sista alisema bila kuinua kichwa. "Hewani. Mji mzima umesikia."

"Na wewe pia ulipiga simu," Waya alinung'unika.

"Nilipiga." Akainuka, na wakaona kwamba analia na kucheka kwa pamoja. "Na sijawahi kufurahi vile tangu nizaliwe. Njooni hapa. Ngozi hii ilikwenda upande jana. Nilikaza upande wangu tu. Kila mtu ashike skrubu, tuikaze pamoja. Nawe Mjomba, njoo!"

Walizunguka ngoma wakainama, vichwa vikagongana, kila mmoja akikaza upande wake na kumlaumu mwenzake kwamba anachelewa. Sista akachukua fimbo akapiga mara moja. Sauti ilijaa karakana nzima, nzito na safi, ikabaki ikizunguka katikati ya makochi.

"Zinabaki hapa," akasema. "Nikija likizo nizikute zimekazwa hivi hivi."

"Zibaki," Mjomba alisema haraka, "lakini ukirudi tunaanza na wale wa kofia."

"Besi kwanza!" alifoka Kinyozi. "Gitaa!" alijibu Waya. Sista aliinua mabegi yake akaondoka akicheka, na hata alipofika barabarani aliwasikia bado wanabishana nyuma ya ngoma yake. Hakuna aliyemlegezea mwenzake hata kidogo, na ndiyo maana ngoma ile haikulegea hadi aliporudi. Naam, mwamba ngozi huvutia kwake.